Taa za Mwanyumba

Kweyu alianza kumchukia Mativo kwa sababu ya firigisi.

Usicheke. Firigisi ya kuku ni kitu kidogo, mtoto anaweza kuimeza bila kutafuna, lakini katika nyumba ya Mzee Wekulo pale Makongeni haikuwa ya kila mdomo. Mzee alikuwa Mbukusu wa Kimilili, na kwake kuku akichinjiwa mtu, heshima ya mtu huyo ilionekana kwenye sahani: firigisi iko au haiko. Kweyu alikuwa mkwe wa kwanza. Alimwoa Nafula, kifungua mimba wa mzee, na kila alipokwenda kusalimia siku ya Jumapili, firigisi ilimfuata yenyewe bila kuuliza njia. Kisha Nangila, mdogo wa Nafula, akaolewa na Mativo, Mkamba mmoja karani wa mizigo kule uwanja wa ndege, mtu wa shati jeupe hata siku ya kuosha gari. Jumapili ya kwanza Mativo alipoketi mezani, firigisi ikampita Kweyu na kwenda kutua mbele ya mgeni. Tangu siku hiyo haikurudi.

Wanaume waliooa ndugu wawili ni wanyumba, na wanyumba hutakiwa wapendane, maana, kama watu wanavyotania, ng'ombe wao wa mahari wameishia boma moja. Upendo huo Mativo alikuwa nao. "Mwanyumba!" angeita toka mbali, meno yote nje, kisha amkumbatie Kweyu mbele za watu. Kweyu naye alikumbatia, akapigapiga mgongo wa lile shati jeupe, na moyoni akasema maneno yasiyosemwa Jumapili.

Sasa sikiliza shida yenyewe. Mwaka ule, mvua za El Niño zilipokwisha na kutuachia mashimo, Mzee Wekulo alistaafu kazi ya reli. Nyumba za Makongeni ni za reli. Ukistaafu unarudisha funguo na kwenda zako. Mzee na mama walikuwa wanarudi Kimilili. Lakini kulikuwa na trela, trela la magurudumu mawili la kubebea viti na mahema, ambalo mzee alilikodisha kwa harusi na matanga kuanzia Makadara hadi Kayole, likivutwa na pikapu yake kuukuu ya Peugeot. Mzee hakujaliwa mtoto wa kiume. Trela na pikapu vingebaki Nairobi mikononi mwa mkwe mmoja, na mzee alikuwa ametangaza kwamba mkwe huyo atamtaja Jumamosi, kwenye maombi ya kumuaga, mbele ya majirani na watu wa kanisa.

Kweyu alilitaka trela lile mpaka usingizi ukampaa. Na si kwa ajili ya viti, la. Yeye alikuwa fundi wa umeme wa magari, kibanda chake kilikuwa Kayole, pembeni ya Spine Road, na kazi hakukosa. Alichotaka ni mzee asimame mbele za watu aseme, "Kweyu." Alitaje jina hilo huku Mativo amekaa palepale, masikio wazi, anasikia.

Basi Jumapili ya mwisho kabla ya maombi, Mativo akaingia na katoni.

"Baba, nimekuletea kitu kidogo cha kukuaga," akasema. Akafungua. Ndani mlikuwa na taa mbili za nyuma za trela, nyekundu, bapa, safi utadhani hazijawahi kuguswa na mtu. "Zimetoka Amerika. Nilimwagiza fundi mmoja wa ndege aniletee. Hazina balbu."

"Hazina balbu?" mzee akashangaa. "Sasa zinawaka kwa nini, kwa maombi?"

Watu wakacheka. Mativo, unajua alifanya nini? Alikuwa amekuja na betri. Mtu anakwenda kula kwa wakwe na betri ya gari! Akaiweka sakafuni, akagusisha nyaya, na ingawa ilikuwa adhuhuri na jua la Makongeni limejaa mlangoni, taa zikawaka nyekundu kali hata Ochola, jirani wa mlango wa pili, akachungulia dirishani.

"Yawa! Ni nini hiyo inawaka hivyo mchana?"

Kweyu aliinama akaangalia. Ndani ya plastiki mlikuwa na punje ndogondogo, zimepangwa kama mahindi kwenye gunzi. Akazijua mara moja. "Ni LED," akasema. "Ile nukta nyekundu inayowaka kwenye redio ukiifungua. Wamezikusanya tu wakazifungia pamoja. Hakuna ajabu hapo."

Hakuna aliyemsikia. Hata mama mkwe, nyuma ya pazia la jikoni, alikuwa anapiga vigelegele. Yeye hakutoka kuziona taa, kwa sababu desturi yao haimruhusu mama mkwe kukaa mahali pamoja na wakwe zake, wala kuwapa mkono, wala kugusana nao hata kwa nguo. Katika nyumba ile ya chumba kimoja na jiko, mama wa watu alikula Jumapili zake zote kwenye moshi, akazungumza na wakwe kupitia pazia.

"Mwambieni Mativo amefanya jambo!" akaita. "Taa za trela letu zimetutia aibu vya kutosha!"

Taa hizo za aibu, ni nani aliyekuwa akizitengeneza miaka yote? Kweyu. Balbu ikifa, Kweyu. Waya ukioza, Kweyu. Alihisi masikio yanamchoma. Na mzee, bila kumwangalia, akaongeza chumvi kwenye kidonda: "Kweyu atatufungia. Jumamosi nataka watu wazione zikiwaka."

"Sawa, Baba," Kweyu akajibu. Angejibu nini?

Jioni hiyo aliendesha pikapu ya mzee hadi Kayole, trela likimfuata nyuma likigongagonga, Nafula kando yake. Walipofika ndipo akalipuka.

"Zikiwaka, ni taa za Mativo. Zisipowaka, ni Kweyu ameshindwa. Umeiona hiyo? Nimefungwa mikono na miguu!"

"Baba Brenda," Nafula akasema kwa upole, "ni taa."

"Ni taa! Na firigisi nayo ni nini?"

Nafula akashindwa kuzuia kicheko. "Kumbe bado unaikumbuka? Firigisi ni ya mgeni, wewe. Wewe ni mgeni kwa baba? Wewe unaingia unafungua sufuria. Juzi baba alikutuma sokoni kununua mboga. Ushawahi kuona amemtuma Mativo?"

Hilo lilikuwa neno la maana, na mtu mwenye moyo mzima angelishika. Lakini kijiba cha moyo hakisikii hoja. Kweyu alilisikia upande mmoja tu: kwamba yeye ni wa kutumwa mboga, na Mativo ni wa kukaa mezani.

Kesho yake akaanza kazi, na kazi ikamkatalia. Nieleze taratibu, uone jinsi zile taa zilivyokuwa na kiburi. Pikapu ya mzee, kama magari yetu mengi, ina waya wake wa breki na waya wake wa indiketa, kila mmoja na njia yake. Taa za Mativo zilikuwa za Kimarekani, na kwa Wamarekani hao breki na indiketa hukaa kwenye waya mmoja na taa moja: ukikanyaga breki inawaka na kutulia, ukiweka indiketa ileile inapepesa. Kwa hiyo pikapu ilikuwa inatoa nyaya nyingi, na taa zinapokea chache. Ukiziunga hivihivi, ukiweka indiketa ya kushoto moto wa umeme unarudi kwenye waya wa breki, unavuka, na taa zote mbili zinapepesa. Dereva wa nyuma atajua unakwenda wapi?

Mtu mwingine angezirudisha kwenye katoni aseme hazifai. Kweyu aliwaza hivyo, tena zaidi ya mara moja. Angesema, "Baba, hizi ni za magari ya huko kwao," na taa zingekwenda Kimilili kukaa juu ya kabati. Lakini alijua Mativo angefanya nini. Angetabasamu, achukue katoni yake, atafute fundi mwingine mjini, na Jumamosi zingewaka. Hapo Kweyu angekwisha kabisa.

Kwa hiyo akakata shauri atengeneze kitu cha kukaa katikati, adapta ya mkono, kipokee lugha ya pikapu na kutoa lugha ya taa. Alifungua amplifaya iliyokufa akatoa dayodi, vile vijiti vidogo vinavyoruhusu moto kwenda bila kurudi. Akavitia lehemu, akajaribu. Indiketa ya kushoto ikapepesa kushoto, ya kulia ikapepesa kulia, breki zikawaka zote mbili. Akapiga makofi peke yake.

"Kanyaga breki na uweke indiketa pamoja," Nafula akamwambia kutoka nyuma ya trela. Yeye alikuwa ameketi juu ya mtungi, anachambua sukuma wiki na kuangalia.

Kweyu akakanyaga, akaweka indiketa.

"Haipepesi. Breki imekula indiketa."

Na kweli. Moto wa breki ulikuwa unaishikilia taa isizimike, na indiketa ikipepesa ndani yake haionekani. Mtu anayepunguza mwendo ili akate kona hufanya yote mawili, na hapo ndipo hasa taa inahitajika. Kweyu alitukana. Alimtukana Mmarekani aliyebuni, akamtukana fundi wa ndege aliyeleta, akafika kwa Mativo na kukaa hapo kwa muda mrefu.

Ilimchukua siku tatu. Alitafuta rilei mbili kwenye magari mabovu, vile visanduku vinavyokata na kuunga moto vyenyewe, akazifunga ili indiketa ya upande mmoja ikifanya kazi ikate breki ya upande huo tu. Zikawa zinakata na kurudisha, zinakata na kurudisha, tak-tak-tak, breki inajipenyeza kila indiketa inapozima. Akarudi kwenye ile amplifaya, akatoa kapasita mbili kubwa, vile vipipa vya kuweka akiba ya moto, akavifunga kando ya rilei ili zishike kidogo zisiachie upesi. Akajaribu. Nafula akaacha sukuma wiki.

"Kushoto inapepesa, kulia imetulia!" akapiga kelele. "Baba Brenda, umeweza! Haki ya Mungu, umeweza!"

Kweyu alishuka akaja kuangalia mwenyewe. Taa ya kulia ilikuwa imesimama nyekundu, ya kushoto inapepesa vizuri. Kwa dakika moja alikuwa na furaha ya fundi, ile isiyo na mtu mwingine ndani yake. Akavitia vitu vyote kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akautoboa nyaya zipite, akaufunga kwa skrubu chini ya trela, na juu yake akaandika kwa rangi nyeupe: KWEYU.

"Chini huko nani ataliona?" Nafula akauliza.

Swali dogo tu, mke hana nia mbaya. Lakini lilimwingia Kweyu likazunguka. Nani ataliona? Waliosema ukiona vyaelea ujue vimeundwa hawakuwajua watu wa Makongeni. Hao wataona nyekundu inawaka mchana, waseme, "Mativo, Mativo." Mkebe uko chini kwenye giza na matope. Kazi yote iko mle, na sifa iko juu, kwenye plastiki ya Amerika.

Ijumaa, Nafula alipokwenda kununua unga, Kweyu akaufungua mkebe tena. Akachukua swichi ndogo ya taa ya kitanda, akaikatia kwenye waya unaorudisha moto wa taa zote mbili, akaitokeza chini ya mkebe. Ukiibonyeza upande huu, taa ni nzima. Ukiibonyeza upande ule, zimekufa zote, na hata ukague pikapu yote hutajua kwa nini.

Mpango wake ulikuwa huu, na yeye aliyeutunga aliuona mtamu. Ingekuwa hivi: Mativo angeketi kwenye usukani, maana mwenye zawadi ndiye huionyesha. Angekanyaga breki. Giza. Angeweka indiketa. Giza. Watu wangeguna. Ndipo Kweyu angeinuka kwa utulivu, apite, ainame, aguse kidogo tu, na taa ziwake. Zife mikononi mwa Mativo, zifufuke mikononi mwa Kweyu. Kisha mzee, akiwa bado ana mshangao huo machoni, asimame kutaja jina.

Jumamosi ikafika. Viti vya trela vilipangwa nje ya nyumba, hema moja likafungwa kati ya kuta mbili, na pikapu na trela vikaegeshwa upande wa jikoni, mgongo ukiwaelekea watu. Asubuhi, wengine wakihangaika na sufuria, Kweyu alijifanya anafunga kamba ya kiatu kando ya trela, akapitisha mkono chini, akabonyeza. Kisha akaenda kukaa mstari wa mbele, mikono magotini. Mativo akaja akaketi kando yake, shati jeupe, akamminya bega.

"Mwanyumba, nimesikia ulipata shida sana na zile taa. Pole."

"Shida gani? Kazi ya kawaida."

"Mimi nisingeweza," Mativo akasema. "Mimi balbu ya nyumbani nabadilishiwa na Nangila."

Ona unafiki, Kweyu akawaza. Ona anavyojishusha ili ainuliwe.

Ilikuwa imepangwa maombi, chakula, taa, kisha neno la mzee. Lakini mchungaji alikuwa na matanga ya kuwahi Kariobangi, na mzee alitaka aseme mchungaji akiwepo. Akasimama, kofia mkononi.

"Nitaanza na neno langu," akasema. "Kula mtakula. Mnajua Mungu alinipa mabinti. Watu waliniambia, Wekulo, utazeeka bila kijana. Nikanyamaza. Sasa niwaambie. Mimi kijana ninaye. Ana miaka mingi anaingia nyumbani kwangu, anafungua sufuria, ananitengenezea trela hata bila kuitwa, na mimi nimeacha kumtendea kama mgeni zamani sana. Kweyu, simama."

Kweyu akasimama. Miguu ilisimama, yeye mwenyewe hakuwa na habari.

"Trela ni lako. Pikapu ni yako. Na huyu hapa," mzee akamwelekezea Mativo mkono, "aliponiuliza aniletee nini cha kuniaga, nilimwambia, mimi kule nyumbani nataka nini tena? Nikamwambia trela linakwenda kwa mwenzako, mletee yeye taa nzuri asisumbuke na balbu. Naye akatafuta mpaka akapata. Mativo, mwanangu, ubarikiwe."

Makofi. Vigelegele kutoka jikoni. Mativo akampigia Kweyu makofi kuliko wote, mikono juu ya kichwa. Alikuwa anajua. Tangu ile siku ya katoni alikuwa anajua trela linakwenda wapi.

"Sasa Mativo, nenda ukawashe!" mzee akasema. "Watu waione kazi ya Kweyu!"

Swichi.

Kweyu alitaka kukimbia, lakini mchungaji alikwisha kumshika kichwa, na wazee wa kanisa wamemzunguka, mikono mabegani, wanamwombea trela lisipate ajali, na magurudumu yake yafunikwe na ulinzi wa Mungu, na kila safari iende kwa heri. Kweyu alifumba jicho moja. Kwa jingine alimwona Mativo anatembea kuelekea pikapu, anasimama kusalimia mtu, anatembea tena. Ombi la mchungaji halikuwa na haraka, ingawa yeye mwenyewe alisema anayo.

"Amina!" Kweyu akasema kabla ya wengine, akachomoka.

Mbele kulikuwa na viti, watu na watoto, hapapitiki. Njia ilikuwa moja, ule upenyo mwembamba kando ya mlango wa jikoni. Akaupigia hatua mbili kubwa, na hapo akakutana uso kwa uso na mama mkwe wake, ameketi kwenye kigoda palepale kwenye upenyo, sinia la mchele mapajani. Mama akaruka, akajifunika leso usoni, mchele ukamwagika. Wanawake wote wakapiga kelele kwa pamoja.

"Mkwe! Mkwe! Rudi! Unataka kumgusa mama?"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kupita pale ni kumkanyaga mama mkwe, na siku ya kupewa baraka! Kweyu akarudi kinyumenyume, mikono juu, anaomba radhi. Nyuma yake watu walikuwa wanacheka kwamba trela limemlewesha. Na mlango wa pikapu ukafungwa, paa, Mativo akiwa ndani.

"Kanyaga!" mzee akaita.

Hakuna kitu.

"Kanyaga, Mativo!"

"Nimekanyaga, Baba!"

Taa zilikaa pale, nyekundu za plastiki, baridi. Watu wakaguna, kama Kweyu alivyopanga wagune. Ochola akasema kwa sauti, "Amerika imelala!" na vijana wakaangua kicheko. Lakini mzee hakumwangalia Mativo. Alimwangalia Kweyu, na furaha ilikuwa inamtoka usoni kidogokidogo, mbele ya mchungaji na wafanyakazi wenzake wa zamani, mbele ya wote aliokuwa amewaambia huyu ndiye kijana wangu.

"Kweyu, ni nini?"

"Naangalia, Baba." Watu wakampisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kweyu aliinama akaingia chini ya trela kwa tumbo, nguo za kanisani na yote. Aliutafuta mkebe. Na kabla hajafika kwenye swichi, kichwa kikaingia kutoka upande wa pili, na mabega ya shati jeupe nyuma yake, yanaburuzika kwenye oili.

"Mwanyumba, nikushikie nini?" Mativo akanong'ona. Kisha akaiona. "Hiyo swichi ni ya nini?"

Mativo akaiangalia swichi, akaangalia nyaya zinavyoingia, akaangalia jina lililoandikwa kwa rangi nyeupe. Hakuwa fundi, lakini hakuwa mjinga. Mtu wa mizigo ya ndege amekwisha kuona kila namna ya kuficha kitu. Kisha akamwangalia Kweyu, nyuso zao zikiwa karibu kuliko zilivyowahi kuwa kwenye kukumbatiana kote. Kweyu alingoja. Alingoja akemewe, au achekwe, au Mativo apaze sauti, "Baba, hebu njoo uone!" Akatamani iwe hivyo upesi, iishe.

Mativo akanyoosha kidole, akabonyeza.

Alikuwa ameacha swichi ya taa za usiku imewashwa kule ndani ya pikapu, na nyekundu ikamwagika juu ya nyasi. Huko nje watu wakalipuka kwa vigelegele. Wanyumba wakatambaa nje, kila mmoja upande wake.

"Ilikuwa nini?" mzee akauliza.

Kweyu akakung'uta suruali.

"Ni mimi, Baba," Mativo akasema, anajipangusa. "Nilikanyaga waya nikienda kupanda. Kweyu amerudisha."

"Mambo ya watu wa ofisi hayo!" Ochola akadakia. "Mpeni kalamu, msimpe gari!" Watu wakacheka mpaka machozi, na Mativo akacheka nao, shati lake la Jumapili limekuwa la gereji. Mzee akamtikisia kidole kwa mzaha, kisha akamgeukia Kweyu na uso uliojaa fahari, akamwambia apande mwenyewe aonyeshe. Kweyu akapanda. Akakanyaga breki, akaweka indiketa. Kushoto ikapepesa, kulia ikatulia, na kila mtu akasema kwa sauti jina alilotaka kulisikia.

"Kazi ya Kweyu! Huyo ni fundi!"

Alilisikia. Aliketi pale kwenye usukani wa pikapu yake, trela lake nyuma, akamwona Mativo kwenye kioo cha pembeni, amesimama kando na oili mgongoni, anapiga makofi. Na ule wivu, ambao ungedhani sasa umekosa chakula, ukamshika upya na kumbana kuliko siku zote. Taa angeweza kuagiza siku moja. Trela alikuwa amepewa. Lakini lile jambo Mativo alilolifanya mvunguni, kwa kidole kimoja, bila kufikiri mara mbili, lile Kweyu angelitoa wapi?

Watu walipoanza kula alimfuata kwenye bomba, Mativo akijaribu kusugua shati.

"Mwanyumba," akasema. "Mbona hukusema?"

"Niseme nini?" Mativo hakuinua kichwa. "Kila mtu ana siku yake ya upumbavu. Ingekuwa mimi niliyefanya vile, na wewe ndiye uliyeona, ungenisema?"

Kweyu aliyaangalia maji yakiitoa ile oili na kuitandaza zaidi. Alijua angesema. Angesema kabla hata hajamaliza kutoka chini ya trela.

"Singesema," akajibu.

Mativo akaitikia kwa kichwa, akamwamini, akakunja mikono ya shati na kwenda kusaidia kupakia viti.